Hesabu Ikikataa, Sema Siku Hiyo Hiyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme na vijana walioajiriwa karibuni kuwa makeshia wa benki, na pia na wale watakaowasimamia. Nimekaa nyuma ya dirisha la benki kwa miaka 19, kisha nikawa msimamizi wa makeshia kwa miaka mingine 8 hadi nilipostaafu. Kilichonisukuma kuandika ni swali la binti wa kaka yangu, ambaye ameipata kazi hiyo na anaanza Jumatatu ijayo. "Shangazi," aliniuliza, "ni kitu gani hasa kinachomwangusha keshia?" Alitarajia nimweleze habari za majambazi na noti bandia. Nilimjibu kwamba nimeona makeshia wengi wakiachishwa kazi, na kwamba wachache sana kati yao waliingia benki wakiwa wezi. Wengi waliangushwa na upungufu mdogo ambao waliona haya kuutaja.

Naomba nilieleze jambo hilo kwa urefu, kwa sababu mafunzo anayopewa keshia mpya mara nyingi hulipitia haraka. Anafundishwa vitufe vya kompyuta, fomu na mihuri, halafu anaambiwa kwa sentensi moja kwamba tofauti yoyote ya fedha iripotiwe. Haambiwi jinsi sentensi hiyo inavyokuwa nzito saa kumi na moja jioni, wenzake wakiwa wamekwisha kufunga, mlango wa sefu ukimsubiri yeye peke yake, na droo yake imepungua.

Nilianza kazi mwezi mmoja na mwenzangu ambaye alikuwa mwepesi wa mikono kuliko sisi sote, mpole kwa wateja, na msimamizi alimtolea mfano kila wiki. Nadhani sifa hizo zilichangia yaliyompata. Katika mwezi wake wa tatu droo yake ilipungua kiasi kidogo, kama nauli ya siku chache. Badala ya kumwambia msimamizi, alifungua pochi yake, akaziba pengo kwa fedha zake mwenyewe na kufunga hesabu ikiwa sawasawa. Hakuiba, alilipa. Lakini jioni hiyo alijifunza kwamba hesabu inaweza kufungwa sawasawa bila kuwa ya kweli. Wiki chache baadaye alipata ziada, akaiweka katika bahasha ya kaki nyuma ya droo, akijiambia moyoni kwamba ni fidia ya kile alichotoa. Bahasha ile ikageuka kuwa mfuko wake wa siri: upungufu ukitokea anachota, ziada ikitokea anaongeza. Kwa miezi mingi hakuna hesabu ya dirisha lolote iliyokuwa safi kama yake.

Mkaguzi alipokuja bila taarifa na kuamuru droo zote zihesabiwe, aliikuta bahasha ile ikiwa na fedha ambazo hazikuandikwa popote. Ilibainika kuwa sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya mteja aliyelipwa pungufu, ambaye alikuwa amekuja kulalamika mara mbili na kujibiwa kwamba hesabu ya siku ile ilifungwa bila tofauti yoyote, kwa hiyo amekosea yeye. Mwenzangu alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Nililia, kwa sababu nilijua kuwa hakuwa mwizi, na kwa sababu nilijua pia kuwa mkaguzi hakuwa na namna nyingine ya kuitazama bahasha ile. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Kwa hiyo keshia mpya aelewe kwamba kulipa upungufu kimyakimya ni kosa sawa na kuficha ziada, hata kama fedha ni za mfukoni mwake na nia yake ni njema. Upungufu ni taarifa kwamba mahali fulani katika siku ile kuna mtu aliyepewa zaidi, au tarakimu iliyoandikwa vibaya, au bunda lililopungua tangu lilipotoka kwenye sefu. Akiuziba kwa fedha zake, anaifuta taarifa hiyo, na kosa lenyewe linabaki likiendelea kudhuru akaunti ya mtu mwingine. Ziada nayo ina mwenyewe. Iandikwe kwenye daftari la tofauti, iingizwe kwenye akaunti ambayo kila benki huitenga kwa ajili hiyo, ili mwenye fedha akija apatikane ushahidi wa kumrudishia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kazi hii kinachopotea pamoja na mali ni jina la mtu.

Upungufu wangu wa kwanza ulikuwa wa 900. Nakumbuka jinsi viganja vilivyolowa jasho hata noti zikawa zinanatana. Nilikwenda kwa msimamizi wangu, mwanamke mkimya aliyekaribia kustaafu, nikamwambia. Hakunikaripia. Aliniuliza, "Kiasi gani?" Nilipomtajia alichukua kalamu, akagawanya 900 kwa 9, akapata 100 bila baki, akasema, "Umepindua tarakimu. Tafuta kwenye maelfu na mamia." Tulizipitia fomu za kuweka fedha moja baada ya nyingine mpaka tukaiona: mteja alileta 4,500, nami nikaingiza 5,400. Kompyuta ilidhani nimepokea fedha ambazo sikupokea. Tulisahihisha akaunti, akatia saini, tukafunga. Kazi yote ilichukua dakika kumi na tano.

Naieleza kanuni hiyo kwa ukamilifu kwa sababu imeniokoa mara nyingi kuliko mashine yoyote. Tarakimu mbili zilizokaa pamoja zikibadilishana nafasi, tofauti inayopatikana hugawanyika kwa 9 daima, na jibu la mgawanyo huonyesha mahali pa kutafuta. Tofauti ya 90 hutuelekeza kwenye makumi na mamia, tofauti ya 900 kwenye mamia na maelfu. Kuacha sifuri moja au kuiongeza nako huleta tofauti inayogawanyika kwa 9: anayeandika 50 badala ya 500 atakuta tofauti ya 450. Ikiwa tofauti haigawanyiki kwa 9, igawe kwa 2 na utafute muamala wenye kiasi hicho cha nusu, kwa maana fedha zilizowekwa zikiingizwa kama zilizotolewa, kosa hujitokeza mara mbili ya kiasi chenyewe. Tofauti iliyo sawa kabisa na thamani ya noti moja huelekea kuwa kosa la vidole katika kuhesabu, na iliyo sawa na bunda zima huelekea kuwa bunda lililotoka na mtu asiyestahili. Keshia anayejua kuisoma tofauti namna hii huacha kuiogopa, naye asiyeiogopa ana ujasiri wa kuitaja.

Lakini ni afadhali tofauti isizaliwe, na hapo ndipo mazoea ya kila saa yanapohitajika. Asubuhi unapopokea fedha za kuanzia, zihesabu mwenyewe kabla ya kutia saini, hata kama anayekukabidhi ni rafiki yako wa karibu na foleni imefika mlangoni. Saini yako ndiyo inayosema kwamba kuanzia dakika hiyo kila noti iko shingoni mwako. Bunda lina noti 100, lakini ukanda wa karatasi uliolifunga ni neno la mtu mwingine tu mpaka vidole vyako vimethibitisha. Unapoufungua usiutupe mpaka umemaliza kuhesabu, kwa sababu juu yake pana tarehe na saini ya aliyelifunga. Bunda likionekana lina noti 99, ukanda huo ndio ushahidi wako pekee, na ukiwa umeutupa kwenye ndoo ya taka umebaki na maneno matupu.

Mpangilio wa hatua nao una sababu zake. Mteja anapoweka fedha, zipokee na kuzihesabu kwanza, ndipo uingize kwenye kompyuta. Anapotoa fedha, hakiki na uingize kwanza, ndipo ulipe. Anayegeuza mpangilio huo hujikuta amekiri kupokea fedha ambazo bado hajazishika, au ametoa fedha kwenye akaunti ambayo haina kitu. Wakati wa kupokea, fedha za mteja zibaki mezani peke yake, mbele ya macho yake na ya kamera, zisiguse droo mpaka mmekubaliana kiasi. Zikishachanganyika na za droo, mteja akisema alileta noti 60 nawe umehesabu 58, hakuna binadamu anayeweza kuamua nani mkweli. Wakati wa kulipa, hesabu unapozitoa kwenye droo, hesabu tena mbele ya mteja, kisha mwombe naye ahesabu kabla hajaondoka dirishani. Wako wateja wanaoona kuombwa hivyo ni kama kudharauliwa. Waeleze kwa upole kwamba ni kwa usalama wa pande zote mbili, na usiwaruhusu wakutoe kwenye utaratibu.

Mashine ya kuhesabia noti ni msaada mkubwa, hata hivyo mashine ya kawaida huhesabu vipande vya karatasi tu. Nyingine hazitambui noti ndogo iliyojificha katikati ya kubwa, wala noti mbili zilizogandana kwa unyevu. Pitisha macho kwanza, panga noti zielekee upande mmoja, ondoa zilizochanika, ndipo uitumie. Ukikatizwa katikati ya kuhesabu, iwe kwa simu au kwa mwenzako anayeomba kalamu, anza upya kutoka noti ya kwanza. Usijaribu kukumbuka ulipofika.

Matapeli wa dirishani wanaijua tabia hiyo ya kukatizwa na wanaitumia. Mtu huja na noti kubwa akiomba chenji, unapoanza kuhesabu anabadili mawazo, anataka noti nyingine, anarudisha mbili na kudai tatu, anakusimulia habari za mgonjwa, na baada ya dakika moja hujui tena ipi ilikuwa yake na ipi ilikuwa yako. Dawa yake ni kusimama. Mrudishie fedha zake zote, weka zako droo, funga, halafu mwambie mwanzo mpya unaanza sasa na ni ombi moja tu kwa wakati. Tapeli wa aina hiyo mara nyingi hukumbuka ghafla kwamba ana haraka.

Foleni ndiyo adui mkubwa wa yote niliyoyasema. Watu wamechoka, mmoja anagonga kioo, mwingine anasema kwa sauti kwamba dirisha la jirani linakwenda kasi zaidi. Keshia mpya huingiwa na aibu, akaanza kuruka hatua. Namwomba asikubali. Kasi huja yenyewe baada ya miezi, kama mshonaji anavyozoea cherehani, na haiji kwa kuruka hatua. Mteja aliyesubiri dakika tano zaidi atakuwa amesahau kesho yake, ilhali mteja ambaye akaunti yake imekosewa hatasahau.

Kuhusu droo na neno la siri sina maelezo mengi, ila msimamo. Ukiinuka, hata kwa kwenda kunywa maji, funga droo, toa ufunguo, ifunge kompyuta. Neno lako la siri usimpe mtu yeyote, awe mwenzako wa meza moja au meneja wako mwenyewe. Nimewahi kukaa katika kikao ambapo keshia alilia akisema muamala ule haukuwa wake, na huenda alisema kweli, lakini ulikuwa umefanywa kwa jina lake saa ambayo alikuwa amemwachia mwenzake kompyuta ikiwa wazi ili "amsaidie kidogo" na foleni. Hatukuwa na njia ya kumtoa lawamani. Vivyo hivyo, sefu inayohitaji watu wawili kuifungua imewekwa hivyo ili mmoja asiweze kushukiwa peke yake. Anayekubali kushika funguo zote mbili kwa sababu mwenzake amechelewa anautupa ulinzi wake mwenyewe. Usifanye muamala wa akaunti yako wala wa ndugu yako. Mpelekee keshia mwingine, hata kama ni kiasi kidogo na kila mtu anajua hakuna ubaya.

Noti bandia huwatia vijana hofu kuliko inavyostahili. Vidole hujifunza haraka. Noti halali ya karatasi imechapwa kwenye karatasi ya pamba, ina ukakamavu wake, na maandishi fulani yaliyoinuka unaweza kuyahisi kwa ncha ya kucha. Ukiiinua kwenye mwanga unaona alama ya maji yenye vivuli laini na uzi wa usalama uliopita ndani ya karatasi. Ukiigeuzageuza, baadhi ya sehemu hubadilika rangi. Noti za plastiki, ambazo Australia ilianza kuzitoa mwaka 1988 na nchi nyingi zikafuata, zina dirisha angavu la kutazamwa badala ya alama ya maji ya kawaida. Gusa, inua, geuza, na usitegemee kipimo kimoja tu. Utakapoikamata, usiirudishe kwa mteja wala usiiingize tena kwenye mzunguko kwa hofu ya upungufu. Ishikilie, mwite msimamizi, jaza hati ya kuichukua. Nakusihi uangalie namna unavyosema. Wengi wanaoleta noti bandia dirishani hawajui wamebeba nini, nao wamekwisha kupata hasara. Niliwahi kumwona mzee akitetemeka kwa sababu keshia alipaza sauti "hii ni bandia!" mbele ya foleni nzima. Mzee yule alikuwa ameuza mbuzi wake siku hiyo, na mnunuzi alimlipa kwa noti ile.

Hundi zimepungua, lakini hazijaisha, na keshia asiyezizoea hukosea kwa urahisi. Tazama tarehe, kwani hundi iliyoandikwa kwa tarehe ya mbele hailipwi kabla ya siku yake, na iliyokaa muda mrefu, kwa kawaida zaidi ya miezi sita, benki huikataa. Tazama saini, mistari miwili ya kuizuia isilipwe taslimu dirishani, na ulinganifu wa kiasi kilichoandikwa kwa maneno na kilichoandikwa kwa tarakimu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hati za malipo, ambayo mataifa mengi yaliirithi, inasema kwamba vikihitilafiana, kiasi cha maneno ndicho kinachosimama. Pamoja na hayo benki nyingi huona ni salama zaidi kumrudishia mwandishi airekebishe. Fuata utaratibu wa benki yako.

Kuna upande mwingine wa kazi hii ambao kompyuta haiwezi kuubeba. Tarehe 27 Juni 1967, mashine inayotajwa kuwa ya kwanza ya kutolea fedha ilianza kazi huko Enfield, kaskazini mwa London, na tangu wakati huo watu wamekuwa wakisema kazi ya keshia inakwisha. Yaliyo mepesi yamehamia kweli kwenye mashine na kwenye simu. Yanayobaki dirishani ni yale yanayohitaji macho na sikio la mtu. Anakuja mama mzee kutoa karibu akiba yake yote, kijana asiyemfahamu vizuri amesimama begani kwake na anamjibia kila swali. Anakuja mwanamume mwenye simu sikioni, anasikiliza maelekezo ya mtu na kutuma fedha kwa jina ambalo hawezi kulitamka. Hapo keshia ana haki na wajibu wa kupunguza mwendo. Muulize mteja mwenyewe, kwa sauti ya chini, fedha ni za nini na anayezipokea ni nani. Mwombe msimamizi amkaribishe ofisini peke yake. Mara tatu katika maisha yangu ya kazi mteja alirudi baadaye kunishukuru kwa swali moja la namna hiyo. Mara moja nilinyamaza kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na mteja yule alipoteza kila alichokuwa nacho. Hiyo moja naikumbuka zaidi ya zile tatu.

Kwa sababu hiyo hiyo, usitaje kwa sauti kiasi ambacho mteja anatoa. Kiandike kwenye kipande cha karatasi au mgeuzie skrini akione. Mwizi anaweza kuwa amesimama mtu wa tatu katika foleni, akisubiri kusikia tu. Na salio la mtu usilitaje nyumbani, wala kwa mwenzako, wala kwa mume au mke wa mwenye akaunti.

Kuhusu fedha zenye mashaka, keshia ndiye wa kwanza kuziona. Chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha kiliundwa mwaka 1989 katika mkutano wa nchi saba tajiri uliofanyika Paris, na viwango vyake vinazitaka benki zimtambue mteja, ziripoti muamala unaotiliwa shaka, na zisimwambie mteja kwamba ameripotiwa. Kwa keshia maana yake ni hii: mtu anayeleta fedha nyingi taslimu zilizogawanywa vipande vidogo kila siku, kila kimoja kikiwa chini kidogo tu ya kiwango kinacholazimisha taarifa, asiulizwe maswali ya kipolisi wala asionywe kirafiki. Mhudumie kwa kawaida, andika ulichoona, peleka kwa mhusika wa benki siku hiyo hiyo. Kumnong'oneza mteja kwamba "wanakuangalia" kunaweza kumfikisha keshia mahakamani, hata kama hakupokea chochote.

Majambazi wakiingia, toa wanachotaka. Fedha za benki zina bima, na hakuna benki yenye akili inayotaka keshia afe kwa ajili ya droo. Kumbuka sura, sauti na njia waliyotokea, basi.

Sasa naomba niwageukie wasimamizi na mameneja, maana ushauri wangu kwa vijana hautafaa kitu kama nyinyi hamtausaidia. Nimefanya kazi chini ya msimamizi yule aliyegawanya 900 kwa 9, na nimefanya kazi chini ya mwingine ambaye kila upungufu ulipotajwa alisimama katikati ya ukumbi na kuuliza kwa sauti, "Leo nani tena?" Katika kipindi cha huyo wa pili daftari la tofauti lilikuwa jeupe kwa miezi mingi, na makao makuu yalimpongeza. Mimi nilipokabidhiwa usimamizi baada yake, ukaguzi wa kwanza ulifukua bahasha kwenye droo tatu. Daftari lisilo na tofauti hata moja kwa mwaka mzima, katika tawi linalohesabu maelfu ya noti kila siku, lilipaswa kumtia meneja wasiwasi. Mikono ya watu hukosea. Ikiwa makosa hayaandikwi, yanafichwa mahali fulani.

Nawaomba pia mtenganishe mwenye kosa na mwenye hila. Keshia anayetaja upungufu wake jioni ile ile asaidiwe kuutafuta, na kama makosa yanajirudia apewe mafunzo au kazi nyingine inayomfaa. Anayeficha, hata kama ni kidogo, aulizwe kwa nini. Na kabla ya kumkata mshahara kijana wa miezi mitatu kwa ajili ya upungufu, fikirini wenzake watakaokuwa wanatazama watafanya nini siku yao itakapofika. Kwa upande wa vijana, mkaguzi anapowahesabia droo ghafla, msilichukulie kama tusi. Mimi kila nilipohesabiwa ghafla na kukutwa sawa nilipata shahidi mwingine wa kunitetea.

Kwa wasomaji ambao ni wateja nina ombi dogo. Hesabuni fedha zenu mkiwa bado dirishani, na mkikuta mmepewa zaidi, rudini. Kiasi ambacho kwenu ni bahati ya siku huenda kwa mtu aliye nyuma ya kioo ndicho kinachoamua kama atalala au hatalala usiku huo.

Binti wa kaka yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama siku hesabu yake itakapokataa anaweza kunipigia simu. Nilimwambia anaweza, saa yoyote, na nitakaa naye kwenye simu tugawanye kwa 9 pamoja. Lakini nilimwekea sharti: kabla ya kushika simu awe amekwisha kumwambia msimamizi wake.

Wako mtiifu,
Keshia mstaafu